Miti Haikuteleza: Kwa Nini Timu Hodari Hushindwa Mwishoni

Iko methali ambayo watu huipenda mno wakati wa kushindwa: Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kila mara timu yenye vijana hodari inaposhindwa katika dakika za mwisho, methali hiyo huletwa barazani kama shahidi. Wengine husema, "Siku yao ilikuwa mbaya." Na wenye ulimi mkali zaidi husema, "Vijana hawa hawana moyo. Walipoona mambo yamekaza, waliogopa." Sisi twakana maneno hayo yote mawili. Miti haikuteleza, wala moyo haukukosekana. Kilichokosekana ni mafundisho. Na mtu wa kuulizwa habari za mafundisho ni mwalimu, si mwanafunzi.

Mfano wetu twautwaa katika mchezo wa mpira wa kikapu, kama uchezwavyo katika vyuo vikuu vya Marekani. Msomaji asiseme, "Ya Marekani yatuhusu nini?" Huko kila mwaka, mwezi wa Machi na mwanzo wa Aprili, hufanywa mashindano makubwa chini ya shirika liitwalo NCAA, na timu ikishindwa mara moja hutoka. Kwa hiyo ni shida kupata mahali pengine ambapo udhaifu wa dakika ya mwisho huonekana wazi kama hapo. Tena watoto wa Afrika wamo. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alichezea chuo cha Houston. Na katika msimu ulioishia mwaka 2025 Khaman Maluach, kijana wa Sudani Kusini aliyelelewa Uganda, alichezea chuo cha Duke. Wote wawili waliionja huzuni hii tunayotaka kuieleza. Basi mzazi ambaye mwanawe anadunda mpira uwanjani jioni, naye aota ndoto za kwenda ng'ambo, ana haki ya kujua ni kitu gani kinachomngoja huko.

Mchezo wenyewe ni wa dakika 40, watu 5 kila upande. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ni mchezo wa mbio na kuruka, na mwenye kipawa humshinda asiye nacho. Lakini timu zikikaribiana mwishoni, mchezo hugeuka ukawa mwingine kabisa. Timu iliyo nyuma huwafanyia wenzake makosa kwa kusudi, ili saa isimame na mpinzani apelekwe kwenye mstari wa mitupo huru. Kila upande huhesabu ni mara ngapi umebakiwa na ruhusa ya kuomba mapumziko. Mpira huingizwa kutoka nje ya mstari mbele ya watu waliojipanga kuunyang'anya. Katika kazi hizo kuruka juu hakufai kitu. Hufaa hesabu, na desturi, na utulivu wa mkono. Ni kama kijana aliyepanda kilima mbio akawashinda wenzake wote, kisha afika mlangoni, apewa barua, aambiwa, "Soma." Asiyefundishwa kusoma, mbio zake zitamsaidia nini?

Kwanza, tuutazame huo mtupo huru. Mtu husimama futi 15 kutoka ubao wa kikapu. Hakuna wa kumzuia wala wa kumsukuma. Hakuna kazi iliyo wazi zaidi katika mchezo wote, wala hakuna iliyowaumiza hodari wengi zaidi.

Tarehe 7 Aprili 2008, mjini San Antonio, timu ya chuo cha Memphis ilikutana na Kansas katika mchezo wa kumaliza mashindano. Memphis walikuwa wameshinda michezo 38 na kushindwa mmoja tu. Zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde chache, walikuwa mbele kwa pointi 60 kwa 51. Lakini katika dakika moja na robo ya mwisho vijana wao walipewa mitupo 5, wakapata 1. Kansas wakawafuata, na Mario Chalmers akatia mpira wa pointi 3 zikiwa zimesalia sekunde 2. Ikawa 63 kwa 63. Katika muda wa nyongeza Kansas wakashinda kwa 75 kwa 68. Baadaye NCAA ilifuta matokeo ya Memphis ya msimu ule kwa sababu nyingine, lakini somo la usiku ule halikufutika.

Watu wakasema mikono ya vijana ilitetemeka. Huenda ilitetemeka. Walakini kwa msimu mzima Memphis walikuwa wakipata mitupo 6 hivi katika kila 10, nao walihesabiwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za vyuo katika jambo hilo. Ufa ulionekana tangu mwanzo wa msimu. Mwenye macho aliuona. Haukuonekana kuwa hatari kwa kuwa timu ilishinda kwa pointi nyingi, na nyumba isiyopigwa na upepo husimama hata ikiwa na ufa. Wazee walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Memphis waliujenga ukuta wao siku ya tufani.

Na tufanye hesabu ya darasani. Mtu apataye mitupo 7 katika 10 huitwa wa kutosha. Akipewa miwili, atapata yote miwili mara 49 tu katika 100, yaani chini ya nusu. Mtu apataye 9 katika 10 atapata yote miwili mara 81. Tena ilikuwako kanuni kali katika michezo yote hii tunayoitaja: makosa ya timu yakifika 7 katika nusu ya mchezo, mpinzani hupewa mtupo mmoja kwanza, akiukosa, hapewi wa pili. Basi yule wa 7 katika 10 hurudi mikono mitupu mara 30 katika 100, na yule wa 9 mara 10 tu. Je, tofauti hiyo yatoka katika moyo? Yatoka zaidi katika asubuhi na jioni za mazoezi, siku ambazo hapana mtu wa kupiga makofi.

Wako walimu waliojua kuusoma ufa wa mwenzao. Tarehe 4 Aprili 1983, mjini Albuquerque, Houston ya Olajuwon, iliyokuwa imeshinda michezo 26 mfululizo, ilikutana na chuo cha North Carolina State, ambacho watu wachache mno walikitazamia kushinda. Mwalimu wa timu hiyo ndogo, Jim Valvano, aliwaagiza vijana wake wawafanyie Houston makosa kwa kusudi, awapeleke kwenye mstari. Houston wakakosa mitupo 9 katika 19. Wakashindwa kwa pointi 2, yaani 54 kwa 52, kwa kikapu cha Lorenzo Charles saa ikiwa inakwisha. Olajuwon alipata pointi 20, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho, ingawa timu yake ilishindwa. Kipawa kilikuwapo uwanjani, tele. Ila kipawa hakikuweza kulipa deni la mitupo 9.

Tena kiburi kimo. Rick Barry, aliyewapita wachezaji wote wa vyuo kwa wingi wa pointi mwaka 1965 akiwa katika chuo cha Miami, alirusha mitupo yake kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtu amwagaye maji ya ndoo. Katika miaka yake ya kucheza kwa malipo alipata karibu 9 katika kila 10. Mwanawe Canyon alifuata njia hiyo hiyo katika chuo cha Florida. Na wengine je? Walio wengi waliona haya, wakasema huo ni mtupo wa kitoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini vijana wamezoezwa kusifiwa kwa kuruka, na hakuna aliyewafundisha heshima ya kuinama.

Pili, timu hodari huacha mwendo wake wakati ule ule inapouhitaji. Houston ya mwaka 1983 ilikuwa timu ya mbio, yenye sifa nchi nzima kwa kuruka na kupachika mpira kikapuni kwa nguvu. Katika nusu ya pili ilipata kutangulia kwa 42 kwa 35. Hapo mwalimu wake, Guy Lewis, akawaamuru wapunguze mwendo na kuushika mpira, maana siku zile vyuo havikuwa na saa moja ya kitaifa ya kuilazimisha timu itupe upesi. Swala akaambiwa atembee kama kobe. Matokeo tumekwisha kuyasema.

Miaka 32 baadaye, tarehe 4 Aprili 2015, mjini Indianapolis, Kentucky walioshinda michezo 38 bila kushindwa hata mmoja walikuwa mbele ya Wisconsin kwa 60 kwa 56, zikiwa zimesalia chini ya dakika 7. Siku hizo timu ilipewa sekunde 35 za kutupa kila ilipoushika mpira. Kentucky walianza kuutunza mpira kama mtu atunzaye yai, na mara tatu zikifuatana sekunde zikawaishia mikononi. Wisconsin wakapata pointi 8 mfululizo, wakashinda kwa 71 kwa 64. Mwalimu wa Kentucky alikuwa John Calipari, yule yule aliyekuwa na Memphis mwaka 2008. Hatumwiti mwalimu mbaya: mwaka 2012 aliupata ubingwa huo huo na Kentucky. Lakini mwalimu mkubwa naye hupaswa kuulizwa, tena yeye kuliko mdogo.

Sababu ya mambo haya yajulikana. Sian Beilock, mtaalamu wa elimu ya akili, katika kitabu chake kiitwacho Choke cha mwaka 2010, aonyesha ya kuwa kazi ambayo mwili umekwisha kuizoea huharibika mtu anapoanza kuiangalia hatua kwa hatua kwa kuogopa kukosa. Wake zetu wajua jambo hili bila kitabu. Mwanamke achukuaye mtungi kichwani huzungumza na mwenzake njia nzima, wala tone halianguki. Mwambie, "Angalia sana, mtungi huu ni wa mgeni mkubwa," aanze kufikiri kila hatua, maji yatamwagika. Basi mwalimu amwambiaye kijana mwishoni, "Usikosee, usikosee," ndiye amwagaye maji.

Tatu, ushindi mwepesi hauwafundishi watu kushinda kwa shida. Mwaka 1991 chuo cha Nevada kilichoko Las Vegas kilifika nusu fainali kikiwa na ushindi 34 bila kushindwa, tena kwa wastani wa zaidi ya pointi 25 kila mchezo. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimewapiga Duke kwa 103 kwa 73. Safari hii Duke hawakuachwa mbali. Mchezo ulipokaza, kiongozi wa timu ya Las Vegas akatolewa kwa wingi wa makosa zikiwa zimesalia dakika 4 kasoro kidogo, na wenzake wakabaki kama chombo kisicho na nahodha. Duke wakashinda kwa 79 kwa 77. Watu hawa walikuwa hodari kupita kiasi, hata hawakupata kujifunza shida. Na hapakuwako mtu wa pili aliyezoezwa kushika usukani.

Na lipo jambo la tarehe 5 Aprili 1993 mjini New Orleans. Michigan walikuwa nyuma ya North Carolina kwa 73 kwa 71, zikiwa zimesalia sekunde 11. Kijana wa miaka 20, mchezaji wao bora, alibanwa pembeni na watu wawili, akaomba mapumziko. Timu yake haikuwa na mapumziko hata moja iliyobakiwa nayo. Kwa kanuni hilo ni kosa: wapinzani wakapewa mitupo miwili pamoja na mpira, na mchezo ukaisha kwa 77 kwa 71. Jina la kijana huyo hatulitaji, kama vile hatukuyataja majina ya waliokosa mitupo ya Memphis, kwa kuwa si wao tunaowashitaki. Wamekwisha kushitakiwa vya kutosha. Kosa la sekunde moja limemfuata mtu huyo tangu ujana hata utu uzima. Hata kama aliambiwa kwamba mapumziko yamekwisha, twauliza: je, kuambiwa ndiko kufundishwa? Kila mwalimu wa darasa la kwanza ajua ya kuwa neno lililosemwa mara moja katika makelele si somo. Somo ni lile ambalo mtoto amelifanya kwa mkono wake mara nyingi, hata akiamshwa usiku hulijua.

Yuko atakayetujibu, "Mwaacha sababu iliyo kubwa, yaani ujana. Siku hizi walio hodari zaidi hukaa chuoni mwaka mmoja, kisha huenda kucheza kwa malipo. Watoto hawawezi kuhimili." Naye ataleta ushahidi wa tarehe 5 Aprili 2025 mjini San Antonio. Duke, ambao watatu kati ya watano wao wa kuanza mchezo, Maluach akiwa mmojawapo, walikuwa wa mwaka wa kwanza, walitangulia mbele ya Houston kwa pointi 14 zikiwa zimesalia dakika 8 hivi, na kwa pointi 6 ikiwa imesalia nusu dakika na zaidi kidogo. Katika sekunde hizo za mwisho Houston, watu wazima kidogo kuliko wao, walipata pointi 9 na Duke hawakupata hata moja. Mpira wao ulinyang'anywa ulipokuwa ukiingizwa, na mtupo huru ukakosa. Ikawa 70 kwa 67.

Twajibu hivi. Miaka 10 kabla ya hapo, tarehe 6 Aprili 2015, chuo hicho hicho cha Duke kilikuwa nyuma ya Wisconsin kwa pointi 9 katika nusu ya pili ya mchezo wa ubingwa, na pointi zote 37 kilizopata katika nusu ile zilipatikana kwa mikono ya vijana wa mwaka wa kwanza. Wakashinda kwa 68 kwa 63. Kumbe umri wenyewe si ugonjwa. Mtoto hahukumiwi kwa kuwa mtoto. Huhukumiwa mlezi aliyempeleka vitani bila ngao. Na tumtazame aliyewaweka Houston mbele usiku ule wa 2025: J'Wan Roberts, mtu asiyesifiwa kwa mitupo huru, ila aliyejizoeza mitupo hiyo siku kwa siku. Alipewa miwili zikiwa zimesalia sekunde 20 hivi, akapata yote miwili. Hakubadilishwa moyo usiku ule. Alileta uwanjani alichokiweka akiba.

Mwingine atasema, "Bahati nayo ipo." Naam, ipo, wala hatuikani. Siku mbili baadaye Houston hao hao, waliofunzwa vema, waliacha uongozi wa pointi 12 ukapotea, wakashindwa na Florida kwa 65 kwa 63, wasiweze hata kutupa katika nafasi yao ya mwisho. Mafundisho si hirizi. Mkulima aliyepalilia vizuri naye huweza kukosa mvua. Lakini yule asiyepalilia kabisa, asije akasimama barazani na kulilaumu wingu.

Basi lawama yetu yawaangukia watu wa namna tatu. Kwanza watazamaji na waandishi, wanaopiga kelele kwa kila mpira uliopachikwa kwa nguvu, na kunyamaza mbele ya mtupo mnyofu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Pili wazee wa timu, wakusanyao vipawa kama mtu akusanyaye mbegu bora, kisha wasimpe mkulima siku za kulima. Tatu, na zaidi, walimu wa michezo, wanaoacha dakika ya mwisho ijifundishe yenyewe.

Nao wangefanyaje? Si jambo la siri. Vijana watupe mitupo yao wakiwa wamechoka, baada ya mbio, si wakiwa wamepumzika. Kila juma saa iwekwe dakika moja, timu iwe nyuma kwa pointi 2, mapumziko yawe yamekwisha, nao waambiwe, "Chezeni." Kila mmoja wa watano aulizwe hesabu ya makosa na ya mapumziko, asiachiwe kiongozi peke yake. Awepo wa pili wa kushika usukani. Na timu inayotangulia izoezwe kuendelea na mwendo wake hata mwisho. Kansas walipoingia katika zile sekunde za mwisho za mwaka 2008, chini ya mwalimu wao Bill Self, hawakubuni jambo jipya; walifanya mpango walioujua tangu mazoezini. Ndiyo maana mkono wa Chalmers haukuwa mgeni pale uliposimama.

Nasi walimu wa vijijini, tusiyasome haya kama habari za mbali. Tunao wanafunzi wepesi wa akili, wanaojibu kabla swali halijaisha, nasi twajivunia wao mbele ya wageni. Siku ya mtihani huacha swali la mwisho tupu kwa kuwa hawakuzoezwa kugawanya muda, nasi twatikisa kichwa, twasema, "Aliogopa." Tuache neno hilo. Tujiulize kwanza: je, tulimketisha hata mara moja mbele ya saa? Ikiwa hatukumketisha, na tuanze juma hili.